Isale la Mpakani: Mkristo Anapojifunza Uislamu

Hotuba ya mwalimu mstaafu kwenye semina ya vijana wa usharika mmoja wa Kilutheri, mitelemko ya Kilimanjaro

Bwana Yesu asifiwe!

Kwa ndugu zetu Wakatoliki ninaowaona kule nyuma, Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wageni wetu wa msikiti wa hapo chini, mlioacha shughuli za Jumamosi mkapanda kilima kuja kukaa nasi, Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni.

Mchungaji aliponiomba nizungumze juu ya Mkristo na Uislamu, nilimwomba wiki mbili za kufikiri. Mimi si mwanazuoni wa dini ile, wala sikusomea theolojia. Nimefundisha Historia na Jiografia miaka 34, basi. Ninachoweza kuwapa ni habari za mtu aliyejifunza kwa kuchelewa, tena aliyeanza kujifunza kwa njia mbaya.

Nianze na hiyo njia mbaya, maana nadhani wengi wenu mko humo sasa hivi.

Mwaka 1987 nilihamishiwa Tanga. Nilikuwa kijana, nimetoka huku migombani, nimelelewa Kilutheri tangu ubatizo hadi kipaimara. Wakati ule mihadhara ilikuwa inapamba moto. Wahubiri wa Kiislamu walisimama viwanjani na Biblia mkononi, wakitaja kitabu, sura na mstari kwa wepesi ambao wengi wetu hatukuwa nao, wakithibitisha humo humo kwamba Yesu si Mungu. Tuliona tumevamiwa nyumbani. Basi na sisi tukajibu: tukashika Kurani. Kanda za kaseti zikawa zinapita mkono hadi mkono. Mimi nilikuwa na kaunta buku la jalada jekundu. Kurasa za kushoto niliandika aya za Kurani nilizoambiwa zinajipinga, kurasa za kulia niliandika maneno ya kumnyamazisha mtu.

Sasa nisikilizeni. Katika muda wote huo sikuwa nimesoma hata sura moja ya Kurani kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata moja. Nilikuwa kama mtoto anayeokota mawe barabarani. Mtoto yule haangalii barabara inakwenda wapi, anatafuta jiwe la kuenea kiganjani. Ninyi leo mawe hayo hamyafuati kiwanjani, yanawajia kwenye simu, dakika mbili mbili, mtu anapiga kelele na wengine wanacheka. Mnaita kujifunza Uislamu.

Nilipanga chumba Ngamiani, kwenye nyumba ya mama mmoja mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa. Ramadhani ya kwanza ilinikuta pale. Jua lilipozama tu, nikasikia hodi. Ameleta sinia: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, kaimati. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, mimi sijafunga." Akajibu, "Mwanangu, nimekuuliza?" Kuanzia siku ile nilikula futari kwenye mkeka wao kama mtu wa nyumbani.

Jioni moja akaniuliza swali ambalo sijalisahau. "Mwalimu, nyie kwenu mnamsoma Bibi Maryamu?"

Nilibabaika. Sisi Walutheri, semeni kweli, Mariamu tunamkumbuka Desemba, na baada ya Krismasi tunamrudisha kabatini pamoja na sanamu za hori. Nikasema, "Tunamsoma." Akasema, "Basi mnajua habari za mtende." Sikuzijua. Akamwita mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akifundisha watoto chuoni, yaani madrasa, kijana wa rika langu. Huyo nitamwita Ustadhi, kama nilivyozoea. Akaja na Kurani yenye tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ile iliyotoka mwaka 1969, akanisomea Sura ya 19, Surat Maryam.

Naomba mnivumilie nikae hapa kidogo.

Sura ile inaanza na mzee Zakaria akiomba kwa siri apate mtoto, mifupa imelegea, kichwa kimejaa mvi. Ukiisikia unajua uko wapi: uko kwenye mlango wa Injili ya Luka. Kisha anaingia Maryam, peke yake, naye malaika anamtokea. Kisha kinakuja kitu ambacho Luka hakukiandika. Uchungu wa kuzaa unamsukuma hadi kwenye shina la mtende, na binti yule anatamani angekuwa amekufa kabla ya siku hiyo, awe amesahaulika kabisa. Ndipo sauti inamjia kutoka chini yake: usihuzunike, Mola wako amekujaalia kijito chini yako, litikise shina la mtende, zitakuangukia tende mbivu. Ule, unywe, utulie.

Nilikuwa na miaka 26. Kwa mara ya kwanza nikamwona Mariamu kama binti anayeumwa, hana mkunga, hana mama pembeni. Katika igizo zetu za Krismasi anakaa ametulia na kitambaa cha bluu. Mimi nilionyeshwa uchungu wake na Kurani. Nawaambia kama ilivyo, msishtuke. Ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina katika kitabu kile chote.

Ustadhi akaendelea kusoma, na mimi nikawa nasubiri. Nilijua aya ya 28 inakuja, maana ilikuwa kwenye kaunta buku langu, ukurasa wa pili. Maryam anarudi kwa watu wake amembeba mtoto, nao wanamwambia, "Ewe dada wa Haruni!" Nikamkata pale pale. Nikasema, "Ustadhi, hapo. Haruni ni ndugu wa Musa. Kati ya Musa na Yesu pana zaidi ya miaka elfu. Kitabu chako kimemchanganya Mariamu mama wa Yesu na Miriamu dada wa Musa." Nikaegemea ukuta, nikasubiri anyamaze kama kaunta buku lilivyoniahidi.

Hakukasirika. Aliingia ndani akatoka na kitabu cha hadithi za Mtume, kile cha Imamu Muslim, akanisomea. Sahaba mmoja, Mughira bin Shuba, alikwenda Najrani, nchi iliyokuwa na Wakristo kusini mwa Arabuni. Wakristo wale wakamwuliza swali langu, lile lile. Hakuwa na jibu. Akarudi Madina akamwuliza Mtume, naye akamjibu kwamba watu wa zamani walikuwa wakiitwa kwa majina ya manabii na watu wema waliowatangulia.

Yaani silaha yangu mpya ilikuwa imeshatumika karne 14 zilizopita, na jibu lake lilikuwa limeshaandikwa kitabuni. Kila Mwislamu aliyesoma analijua. Mimi tu ndiye nilikuwa sijui.

Kisha Ustadhi akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, yule kipofu wa Yeriko alipopiga kelele 'Yesu, Mwana wa Daudi, unirehemu', kwani Daudi ndiye baba yake wa kumzaa?" Na usiku ule, chumbani, nikafungua Luka 1:5, nikasoma kwamba mke wa Zakaria "alikuwa mmojawapo wa uzao wa Haruni, jina lake Elisabeti." Huyo Elisabeti malaika anamwita jamaa yake Mariamu. Luka mwenyewe amemweka Mariamu karibu na ukoo wa Haruni, nami nilikuwa nimeupita mstari huo tangu darasa la kipaimara. Mtu anaweza bado kubishana juu ya aya ile, na wasomi wanabishana. Lakini mimi sikuwa nabishana. Nilikuwa natoa ushahidi juu ya kitabu cha jirani yangu ambacho sikukisoma.

Vijana wa kipaimara, Amri ya Nane inasemaje? Ndiyo: usimshuhudie jirani yako uongo. Na katika Katekisimo Ndogo, Luther anaeleza maana yake: tusimsingizie, tusimsengenye, bali tumtetee, tumnene vema, na mambo yake yote tuyaelekeze kwa upande ulio mwema. Mliikariri mkapewa cheti. Mimi pia niliikariri. Hakuna aliyeniambia kwamba inamhusu na jirani anayeswali mara tano kwa siku.

Kaunta buku lile niliacha kuliandika. Nikaanza kusoma.

Nilichokikuta cha kwanza kilinigusa kama Mwafrika. Mwaka 615, Waislamu wa mwanzo walipokuwa wakiteswa Makka, Mtume wao aliwaelekeza wavuke bahari kwenda Habasha, yaani Ethiopia, kwa mfalme Mkristo ambaye chini yake, alisema, hakuna anayedhulumiwa. Kabla Uislamu haujawa na mji hata mmoja wa kuuita wake, ulipewa hifadhi na Mkristo wa Afrika. Makureshi, wakuu wa Makka waliokuwa wakiwatesa, wakatuma wajumbe wawili wenye zawadi za ngozi kwa mfalme, yule Najashi, ili awarudishe wakimbizi. Najashi akasema hawezi kuwatoa watu kabla ya kuwasikia. Akasimama Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume. Mfalme akamtaka asome alichoteremshiwa Mtume wao. Mnajua alisoma nini? Ile ile Surat Maryam. Simulizi za Waislamu wenyewe zinasema Najashi alilia hadi ndevu zikalowa, na maaskofu wake wakalia hadi vitabu vilivyokuwa mbele yao vikalowa.

Lakini habari haikuishia kwenye machozi, na hapa ndipo nataka mnifuate vizuri. Kesho yake wajumbe walirudi na ujanja mwingine. Wakamwambia mfalme: waulize wanasemaje juu ya Isa, maana wanasema ni mtumwa tu. Wakimbizi wakashauriana usiku. Wangeweza kumpaka mfalme mafuta. Wangeweza kusema maneno ya kumpendeza, wasirudishwe kwenye mateso. Jaafar akasimama akasema walivyoamini: Isa ni mja wa Mungu na Mtume wake, na Roho itokayo kwake, na Neno lake alilomtia Maryam, bikira. Najashi akaokota kijiti chini, akasema tofauti haizidi kijiti hiki. Maaskofu wakakoroma kwa hasira. Wakimbizi wakabaki salama.

Mimi Mkristo, nikiwa mkweli, nasema pale maaskofu hawakukosea kukoroma. Tofauti ni zaidi ya kijiti. Ila nampenda Jaafar kwa sababu hakuificha, na nampenda Najashi kwa sababu hakuhitaji wakubaliane ndipo awalinde. Mfalme yule alipofariki, Mtume aliwaswalisha masahaba swala ya jeneza kwa ajili yake, naye yuko mbali kule ng'ambo.

Ndugu zangu, hapa kwetu kila mtu analijua isale, ule mmea wa mpakani. Mtoto wa shule ya msingi analijua. Kihamba changu, yaani shamba langu la migomba, na kihamba chako vinatenganishwa na mstari wa masale. Na mtu akimkosea mwenzake, anachukua jani la lile lile isale, analifunga fundo, anakwenda nalo kuomba msamaha, na desturi inasema halikataliwi. Wazee wetu mmea wa mpaka na mmea wa amani waliufanya mmoja. Nimeishi pwani miaka mingi, nimesoma mengi, sijapata mfano ulio bora kuliko huu wa nyumbani. Majirani wanaopigana mapanga ni wale ambao hawajui mpaka uko wapi: kila mmoja analima hadi anapokutana na jembe la mwenzake.

Basi tuutembelee mpaka, tuone masale yako wapi.

Kuna isale la msalaba. Kurani, Sura ya 4, aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa. Na Paulo anatuambia, 1 Wakorintho 15:14, kama Kristo hakufufuka, basi, kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure. Asiyekufa hafufuki. Hapo hakuna daraja ninaloweza kuwajengea, na anayewaambia tofauti ni ndogo hajaisoma Kurani wala Biblia. Ijumaa Kuu yetu haina nafasi katika dini yao. Nalisema bila chuki, na Shehe hapa anatikisa kichwa kukubali. Asante, Shehe.

Kuna isale la Mwana. Hapa pana mpaka wa kweli, lakini pana pia vichaka vilivyoota juu yake vikauficha. Sura ya 6, aya ya 101, inauliza: Mungu atakuwaje na mwana hali hana mke? Nilipoisoma mara ya kwanza nilikunja ngumi. Nilipoisoma mara ya kumi nikajiuliza, kwani sisi tunasema Mungu ana mke? Hasha! Aya ile inakanusha jambo ambalo na mimi nalikanusha. Mungu azae kwa mwili, kama binadamu, ni kufuru kwetu sote. Kiswahili chenyewe kinatusaidia: mwananchi hakuzaliwa na tumbo la nchi, mwanamaji hakunyonyeshwa na bahari. Ustadhi aliponisikia nasema hivyo alicheka, akaniongezea la kwake: katika Kurani msafiri anaitwa *ibn as-sabil*, mwana wa njia. Akasema, "Sawa, hapo nimekuelewa. Sijakubali, lakini nimekuelewa." Na kweli hakukubali hadi leo. Maana tukishafyeka vichaka, isale bado lipo: sisi tunasema Neno alifanyika mwili, tunamwabudu, yeye anasema mja haabudiwi. Vivyo hivyo kwenye Utatu. Sura ya 5, aya ya 116, inakataa Isa na mama yake wafanywe miungu wawili, na Waislamu wengi wanadhani Utatu wetu ni Baba, Mama na Mtoto. Kazi ya kuwaeleza sivyo ni ya nani? Wangapi hapa mnaweza kueleza Utatu kwa dakika tano bila kumfanya msikilizaji ahesabu miungu watatu? Naona mnatazama chini. Jirani yako Mwislamu akikuuliza amekufanyia hisani: amekurudisha darasani.

Isale la tatu ni Muhammad mwenyewe. Wao wanamwamini Yesu kuwa Masihi, aliyezaliwa na bikira, aliyeponya vipofu na kufufua wafu kwa idhini ya Mungu, na ambaye atarudi. Wanampenda, na hawamtaji bila kumwombea amani. Wanatuuliza, nyie mnamsemaje wetu? Jibu letu haliwezi kuwa sawa na lao, maana anayemkiri Muhammad kuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu ni Mwislamu. Lakini kati ya kutomkiri na kumtukana pana mahali papana sana pa kusimama, na mihadhara ile ya ujana wangu haikupaona. Tulisema maneno juu ya mtu yule ambayo nisingeyarudia mbele ya madhabahu hii.

Sasa niwaonyeshe jambo jingine, la lugha. Sisi hapa tumeingia *kanisani*, tumefanya *ibada*, tumetoa *sadaka*, tumeungama *dhambi*, tukasikia *Injili*, tukasimama chini ya *msalaba*. Maneno hayo yote yana asili ya Kiarabu, yametufikia kupitia pwani. Na Waanglikana wanamwita kiongozi wao kasisi. Neno hilo lilikuwa la Wakristo wa Shamu, yaani Siria, katika lugha yao ya Kisiria, likaingia Kiarabu, likaingia Kurani, Sura ya 5, aya ya 82, inaposema walio karibu zaidi kwa mapenzi na walioamini ni wale wasemao "sisi ni Manasara", yaani Wakristo, kwa kuwa miongoni mwao wamo makasisi na watawa, nao hawajivuni. Likavuka na majahazi hadi kwetu. Safari yote ile, kisha likarudi kanisani.

Na waliolileta hadi kwenye vitabu vyetu si wamisionari peke yao. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu pale, ameandika kwa mkono wake kwamba Sheikh Abdulaziz, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Unguja, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili bora na safi kabisa. Wanahistoria wanamtambua kuwa ni Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawy, mzaliwa wa Barawa, pwani ya Somalia. Kazi zilimzidi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno kwa matumizi ya watu wa kawaida, hivyo iliishia Zaburi ya 16. Steere akazichapa hizo 16 kama kumbukumbu ya wema wake. Sheikh yule hakuwa amepoteza dini. Zaburi kwake ni kitabu alichopewa Nabii Daudi, na Kurani inasema hivyo. Kila ninapofika Zaburi ya 16, "Mungu, unihifadhi mimi, kwa maana nakukimbilia Wewe," huwa nasimama kidogo. Hapo ndipo kalamu ya sheikh ilipowekwa chini.

Lakini nisiwadanganye kwa hadithi tamu tupu. Tafsiri ya kwanza ya Kurani nzima kuchapishwa kwa Kiswahili, mwaka 1923, ilifanywa na padre wa misheni ile ile ya Steere, Godfrey Dale. Aliweka na maelezo ya kuupinga Uislamu, na Waislamu wengi hawakuipokea. Luther wetu alikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1542 mamlaka za mji wa Basel zilimfunga mchapishaji aliyekuwa akichapa Kurani kwa Kilatini. Luther akaandika barua kutetea kitabu kitoke, nacho kikatoka mwaka 1543. Nia yake ilikuwa watu wakisome ili wakipinge, na maneno yake juu ya Waislamu ni makali, sijivunii. Hata hivyo alilijua jambo ambalo kaunta buku langu halikulijua: kitabu cha mtu husomwa chenyewe.

Na Waislamu nao wana yao. Wakristo wa Najrani walikwenda Madina kama watu 60, na simulizi zinasema wakati wao wa sala ulipofika Mtume aliwaacha wasali ndani ya msikiti wake, wameelekea mashariki. Wakajadiliana, hawakuafikiana, wakafanya mkataba: watatoa ushuru wa mavazi kila mwaka, wabaki na dini yao. Zuri. Lakini zama za khalifa Umar watu wale walihamishwa kwao. Mwalimu wa Historia hawezi kusoma nusu ya ukurasa.

Na yetu, ya hapa nchini. Oktoba 2012 makanisa yalichomwa Mbagala kwa sababu ya kosa la mtoto. Mwaka 2013 watu waligombana hadi kuuana kule Geita kwa sababu ya nani achinje. Niliona wazee wa kanisa waliokula kwa Waislamu maisha yao yote wakianza kuulizana nyama imetoka bucha gani. Na wageni wetu nao wana kidonda, wacha nikitaje mimi kabla hawajakitaja wao: enzi za mkoloni shule nzuri zilikuwa za misheni, na mzazi Mwislamu alichagua kati ya mtoto asome au mtoto abaki na dini yake. Wengi walimbakisha nyumbani. Serikali ilipotaifisha shule baada ya uhuru, sisi tulilalamika kwamba tumenyang'anywa. Kwao mlango ulikuwa umefunguliwa. Mzee akiniambia hilo leo, simjibu kwa takwimu. Namsikiliza.

Niliwahi kumwuliza Ustadhi aya iliyonitisha, Sura ya 5, aya ya 51, isemayo msiwafanye Mayahudi na Wakristo marafiki. Nilidhani atakwepa. Akanieleza namna wanazuoni wake wanavyoisoma, kwamba inahusu kujiunga na maadui wakati wa vita, akanifungulia Sura ya 60, aya ya 8: Mwenyezi Mungu hawakatazi kuwatendea wema na uadilifu wale ambao hawakuwapiga vita kwa ajili ya dini. Kisha akanitazama, "Na wewe, Mwalimu, Kumbukumbu la Torati sura ya 7 mnaisomaje?" Someni mkifika nyumbani. Sote tuna kurasa ambazo hatumpi mtoto azisome peke yake.

Tarehe 21 Desemba 2015, Kenya, basi la kwenda Mandera lilivamiwa na Al-Shabaab. Wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kichwa wajisitiri. Mmoja wa waliopigwa risasi alikuwa naibu mwalimu mkuu, Salah Farah, akafariki mwezi uliofuata. Mwalimu mwenzangu. Sidhani kama ndani ya basi lile kulikuwa na muda wa kujadili Utatu.

Bi Mkubwa alifariki mwaka 2004, mimi nimeshahamia kwingine. Ustadhi alinipigia simu alfajiri, nikapanda basi, nikawahi. Nilivua viatu nikasimama nje ya msikiti wakati wakimswalia. Sikuingia safuni, na hakuna aliyenitazama vibaya; swala ile si yangu. Walipotoka na jeneza, Ustadhi akanivuta mkono, akanipisha bega lake. Nikalibeba kwa zamu kama wanawe wengine hadi makaburini, nikamtupia mchanga. Jioni tulikaa kwenye mkeka ule ule. Nikamwomba anisomee habari za mtende.

Hilo ndilo nililomwomba na Shehe wetu leo, naye amekubali. Hatutashindana, na hakuna atakayepiga makofi kwa upande wowote. Binti wa kwaya atatusomea Luka sura ya kwanza, kuanzia mstari wa 26. Kisha Shehe atatusomea Sura ya 19 kuanzia aya ya 16, kwa Kiarabu, halafu kwa Kiswahili. Vijana, zimeni simu. Mwenye kaunta buku alifunge.

Binti, anza. Shehe, karibu mbele, kiti hiki ni chako.